Bunduki ya Wifi Yangu

Darsait, baada ya sala ya alasiri

Thureya mwanangu,

Salamu zangu unazo tangu ungali tumboni, kwa hivyo leo sizirefushi. Uko hapo uani na shangazi yako, mnalifunga kamba sanduku lako, na kila mkiivuta kamba mnacheka. Nnakusikieni. Mimi nimesingizia kichwa, nikaingia chumbani nikajifungia na kalamu. Kichwa hakiniumi. Kinachoniuma ni hicho kicheko.

Kesho asubuhi meli inaondoka Mutrah na wewe umo ndani yake. Habari za nguo za baridi, na chakula, na nani wa kumwamkia kwanza ukifika Kuwait, mjomba wako na mkewe watakuelekeza, na hiyo shule ya uuguzi ina wakubwa wake. Mimi nataka kukuandikia jambo moja ambalo uliliona kwa macho yako, lakini hukuliona kutoka pale nilipokuwa nimesimama mimi. Ni siku ile ya njia ya Qantab.

Lakini siwezi kuanzia Qantab. Nianzie Unguja.

Ulikuwa mtoto bado tulipotoka. Najua unaikumbuka safari na ile kiu. Sijui kama unakumbuka mlango wa nyumba ya babu yako ulivyogongwa, maana nilikukumbatia nikakuziba masikio. Waliogonga walikuwa na bunduki. Babu yako alitoka nao na kikoi chake cha kulalia, akasema anarudi sasa hivi, na hakurudi. Tangu siku ile bunduki kwangu haikuwa chombo cha kuwindia wala cha kujilindia. Ilikuwa kitu kikiingia nyumbani, mtu anatoka.

Sasa fikiria tumefika huku kwa watu wa baba yako, tumechoka, hatuna hata mkeka wa kulalia, baba yako anatupeleka kwa dada yake, na kitu cha kwanza nnachokiona ukutani, juu ya kidaka cha taa, ni bunduki.

Huyo dada yake ndiye Zeyana, wifi yangu. Mrefu, mkavu, uso umechomwa na jua, mjane asiyejaaliwa mtoto. Alizaliwa Qantab, na mbuzi wake aliwaacha huko kwa jamaa, kwa hivyo kila baada ya muda alikuwa akitoka hapa kwenda kuwatazama, kwa miguu, kwa njia ya milimani. Katika milima ile kuna fisi na kuna mbwa mwitu, na miaka ya ukame chui hushuka kutafuta maji. Basi alikuwa akiibeba bunduki ya marehemu mumewe begani, vile vile kama mimi nilivyokuwa nikibeba kikapu kwenda sokoni Darajani. Hakuona ajabu yoyote. Mimi nililala mwezi mzima nimeupa ule ukuta mgongo.

Baba yako akapata kazi kwenye kambi ya mafuta huko jangwani, akawa anakuja mara moja moja. Tukabaki watatu. Na katika watatu mwanangu, ikiwa wawili wanasikilizana, yuko mmoja anayekaa peke yake.

Kiarabu changu kilikuwa cha sala na cha salamu. Wewe ulikidaka upesi kuliko nilivyoweza kuamini. Kabla hatujamaliza mwaka, ulikuwa ukizungumza na shangazi yako kwa haraka ile ile yake, na ile mikono yake ya kupepea hewani, na mimi nimekaa nyuma ya cherehani yangu nauliza, "Amesema nini?"

Nawe unajibu, "Hamna kitu, mama."

Hamna kitu! Watu wanacheka mpaka wanafuta machozi, halafu hamna kitu.

Siku aliyoomba kukuchukua Qantab kwa mara ya kwanza, unafikiri nilikubali kwa sababu ya wema? Nilikubali kwa kuwa nilijua utachoka. Nilisema moyoni, mwache aende, atarudi analia na malengelenge, atataka mafuta ya nazi na mapaja ya mama yake, na atakuwa wangu tena. Ulirudi na malengelenge kweli. Lakini uso wako, Thureya! Ulikuwa unang'aa. Hukukaa hata kitako. Ulisimama pale mlangoni ukaanza kunimwagia: shangazi anajua nyayo za fisi na nyayo za mbwa, shangazi hatii risasi mpaka afike kwenye korongo, shangazi anasema bunduki haimfanyi mtu asiogope, inamfanya asikimbie. Shangazi, shangazi, shangazi. Na mwisho ukasema, "Amenifundisha kulenga, mama. Nimepiga kopo kutoka mbali."

Nilikuwa nashona kanzu ya watu. Nilizuia gurudumu la cherehani kwa mkono. Kisha nikakuambia, "Mtoto wa kike na bunduki! Babu yako angekuona leo!"

 Uliinamisha kichwa, ukaenda kuosha miguu.

Ulidhani ni uchungu wa babu yako uliosema. Uchungu ulikuwepo, siukani, lakini si huo uliosema siku ile. Uliosema ni wivu, mwanangu, na mimi nikaufunika kwa jina la marehemu ili usiweze kunijibu. Hakuna mtoto anayeweza kumjibu mama yake kwa jina kama lile. Nililijua hilo nilipokuwa nalitamka.

Tangu siku hiyo uliendelea kwenda, kwa kuwa baba yako alikuruhusu, lakini ukirudi hukunihadithia tena. Nikikuuliza safari ilikuwaje unasema, "Nzuri, mama." Basi. Hicho ndicho nilichokipata kwa wivu wangu. Sikukurudisha kwangu hata kidogo. Nilijikosesha hata zile habari. Nilikaa nikizisikiliza kupitia ukutani, kwa Kiarabu, mimi nisielewe.

Ndipo ikaja ile harusi ya Qantab, msimu wa baridi, mwaka ambao mvua zilikuwa zimekosekana. Watu walikuwa wanasema chui amemrarua punda kwenye njia ya milimani. Majirani wote wakaamua kwenda kwa mashua. Shangazi yako akasema yeye ataenda kwa miguu kama kawaida yake, ana mbuzi wa kuwapitia, nawe ukasema utamfuata. Nikasema, "Na mimi nakwenda nanyi."

Nakumbuka mlivyotazamana. Wewe ulisema, "Mama, njia ni ngumu."

"Kama ngumu kwangu, na kwako ngumu."

"Mama, na hayo makubadhi?"

"Makubadhi haya yamenifikisha kutoka Unguja," nikasema, na mambo yakaishia hapo.

Tulitoka alfajiri. Shangazi yako mbele na bunduki, wewe katikati na kiriba cha maji, mimi nyuma na kikapu cha mikate na tende. Tulipita Ruwi pakiwa bado na ubaridi, tukaingia kwenye bonde lile kavu, na jua lilipoanza kupasua juu ya majabali tukawa tumeanza kupanda. Nitakuambia nilichokiona mimi kutoka nyuma. Niliona migongo miwili inayotembea sawasawa. Akiinua mguu, unainua. Akisimama kusikiliza, unasimama kabla hajakuashiria. Huna habari, lakini hata shingo ulikuwa unaigeuza kama yeye. Nilikuwa nahema na jasho linaniingia machoni, na nikawa najiambia, mtoto niliyemzaa mimi anatembea mwendo wa mwanamke mwingine.

Tulipopumzika mara ya kwanza nikamnyooshea mkono wifi yangu. "Nipe na mimi niibebe."

Hakuelewa. Ulimfasiria. Akanitazama, kisha akakutazama wewe, akasema neno, ukatabasamu. Lile tabasamu ndilo lililoniingia. Nikasema kwa nguvu, "Mwambie mimi ni mama yako. Kama bunduki ni ya kukulinda, nitaibeba mimi."

Akanipa. Na ulimsikia alivyonieleza kwa utaratibu, wewe unafasiri: mtutu utazame juu au utazame chini, usimtazame mtu kamwe, risasi haijaingizwa, lakini ibebe kama imeingizwa. Niliitikia, ndiyo, ndiyo. Wala sikusikiliza. Nilikuwa nasikiliza sauti yako tu, unavyosema maneno yake kama yako.

Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Ukanda ulinikata bega. Mahali pembamba, pale njia inapobanwa na ukuta wa jabali upande mmoja na korongo upande wa pili, nikachoka kuitundika, nikaishika mikononi. Mtutu ukawa unatazama mbele. Mbele palikuwa na mgongo wako.

Shangazi yako aligeuka akaona. Hakupiga kelele. Alirudi kwa haraka, akakupita kwa upande wa korongo kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine, akanyoosha mkono kuusukuma mtutu juu. Na mimi, badala ya kuachia, nikavuta. Nilidhani ananinyang'anya mbele yako. Nikavuta, Thureya. Changarawe zikamtoka chini ya mguu, akateleza, akaangukia kiunoni, na tukasikia kifundo cha mguu wake kilivyolia.

Hilo ulijua. Uliliona. Lakini hukupata kunilaumu hata siku moja, na yeye hakupata kunilaumu, na mara nyingi nimetamani mmoja wenu angenilaumu nikapumzika.

Tulimburura mpaka kwenye kivuli cha jabali. Kifundo kilikuwa kimevimba tayari. Ukanifungua vidole, ukaichukua bunduki, ukatia risasi, ukapanda juu ya mwamba kutazama njia. Kiriba kilikuwa kimeangukia mawe kikapasuka. Shangazi yako akaonesha kwa kidole, huko chini kidogo, nyuma ya mwamba mkubwa, kuna kidimbwi. Nikachukua sufuria letu dogo nikasema nakwenda mimi. Nilitaka kufanya angalau kitu kimoja siku ile ambacho hakikuharibika.

Nilizunguka ule mwamba, nikamkuta anakunywa maji.

Umezisikia hadithi za kwetu za chui. Unguja tulikuwa tukitishwa tangu utoto na chui wa kufugwa, chui wa mtu fulani, chui anayetumwa. Huyu hakuwa wa mtu. Alikuwa amekonda mbavu zinahesabika, rangi yake imepauka, na ulimi ulikuwa bado unachota maji alipoinua macho. Alikuwa karibu nami kama huu mlango ulivyo na jiko. Sufuria lilikuwa mkononi na nilikuwa naomba Mungu lisianguke.

Nikasikia mawe juu yangu. Ulikuwa umehamia ukingoni mwa mwamba, na bunduki begani, shavu limelala juu ya kitako chake. Nilikuona kwa pembe ya jicho. Na nilikusikia ukiita. Ulisema maneno mengi kwa Kiarabu, nami nilielewa moja tu, "Ammah." Shangazi. Mimi nimesimama mbele ya chui, mama yako, na wewe unamwita shangazi.

Unajua hofu inafanya nini? Watu husema inafuta kila kitu. Si kweli, au si kwangu. Nilikuwa naogopa, na wivu ulikuwepo pale pale, mzima, haujapungua hata chembe. Nilisema moyoni, hata hapa? Hata hapa anamuuliza yeye?

Kisha nikaisikia sauti ya wifi yangu kutoka nyuma ya jabali. Na ilikuwa kwa Kiswahili.

"Mimi hapana ona! Mama ona. Mama sema, wewe fanya!"

Sikuwahi kumsikia akisema hata neno "maji" kwa Kiswahili. Nilidhani nimerukwa na akili. Lakini akarudia, kwa ukali, "Uliza mama!"

Nawe ukauliza. Sauti yako ilikuwa ndogo kama ulipokuwa na miaka mitano. "Mama, nipige?"

Ndipo nikatazama. Mpaka wakati ule nilikuwa nnamuona chui tu. Sasa nikatazama alipo. Nyuma yake palikuwa na ukuta wa jabali uliosimama wima. Kushoto kwake maji, kulia kwake mawe yaliyoporomoka. Njia yake ya kutokea ilikuwa moja, na ndiyo niliyokuwa nimeisimamia mimi. Kama ungempiga ukamjeruhi, asingekuwa na pa kwenda isipokuwa juu yangu. Na kama mkono wako ungetetemeka kidogo, risasi ingenikuta mimi. Wewe huko juu usingeweza kuona hivyo. Wala shangazi yako. Nilikuwa nnaona mimi peke yangu.

"Usipige," nikasema. "Ngoja nisogee."

"Mama—"

"Ngoja nisogee, mwanangu. Nikikwambia, piga juu. Si yeye. Juu."

Nilisogea kwa upande, mgongo umekwaruza jabali, nikiuburura mguu mmoja kisha mwingine, macho yangu chini, kwenye miguu yake. Makubadhi yalikuwa yanateleza. Nilijibana kwenye ufa wa mwamba nikaacha ile njia wazi. Alikaa. Alikaa mpaka nikadhani hatoondoka. Kisha akapita. Alipita karibu nami hata nikapata harufu yake, harufu ya nyama iliyolala, na manyoya ya mkia yakagusa buibui langu, au pengine ni upepo tu. Alipofika chini ya korongo nikapiga ukelele, "Sasa! Juu!"

Ulipiga. Milima yote ilijibu. Akatoweka bondeni kama hakuwahi kuwepo.

Nilikaa chini. Nikakusubiri. Na hapa, Thureya, ndipo pananiuma mpaka leo na ndipo pananichekesha. Kwa sababu hukuja. Nilitazama juu nikakuona umepiga magoti, unaifungua bunduki, unatoa ganda la risasi, unachungulia kuhakikisha hakuna kitu ndani, unailaza juu ya jiwe, mtutu umeelekea upande usio na mtu. Ndipo ukashuka mbio ukanikumbatia, ukalia mpaka ukanilowesha kifua. Mimi nilikuwa nimekwisha kuhesabu zile pumzi ulizochelewa. Nilisema, hata kumkimbilia mama yake ameanza kwanza na mafunzo ya yule.

Ilinichukua muda mrefu kukubali kwamba nusu saa kabla ya hapo mimi niliishika bunduki ile ile nikamwelekezea mtoto wangu mgongoni, na si mimi niliyekufundisha kutofanya hivyo.

Tuliendelea kwenda Qantab kwa kuwa ilikuwa karibu kuliko kurudi. Nilimbeba wifi mgongoni. Wewe ulitangulia na bunduki. Wifi ni mrefu lakini mwepesi, mifupa mitupu, na mikono yake ilikuwa imenizunguka shingoni.  Tulipoiona bahari, akaniambia sikioni, "Wifi. Pole." Yeye ndiye aliyevunjika kifundo, na yeye ndiye anayenipa pole.

Usiku wa harusi, wenzetu wakiimba, nilikuuliza tangu lini anajua Kiswahili. Ukasema, "Ninamfundisha njiani, mama. Aliniomba mwenyewe. Alitaka aweze kuzungumza na wewe, lakini anaona haya, anasema utamcheka." Na kile kicheko chenu cha uani, ukaniambia, kilikuwa kwa sababu hawezi kabisa kutamka "ng'ombe". Alikuwa anajaribu kila siku, na kila siku linatoka neno jingine.

Mtu mwingine angelia kwa furaha. Nitakuambia kweli nilichokifikiri mimi, kabla ya furaha na kabla ya aibu: hata Kiswahili changu amempa.

Wiki zile nilizokaa Qantab kumkanda mguu, watu walikuwa wanakuja kukutazama. Habari ilienea mpaka Mutrah sokoni. Tuliporudi, nilikuwa nanunua vitunguu huko siku moja nikawasikia wanawake wawili wanahadithiana juu ya binti aliyemfukuza chui. Mmoja akasema, "Binti wa Zeyana." Niliweka vitunguu chini. Nikawaambia kwa Kiarabu changu kilichovunjika, mbele ya soko zima, "Mama yake mimi. Mimi ndiye mama." Wakanitazama kama mwenda wazimu. Nilirudi nyumbani bila vitunguu, na nikamwambia wifi yangu kilichotokea, kwa sababu wakati ule tulikuwa tumeshaanza kuzungumza. Nilidhani ataona raha. Akasema, "Na mimi, wifi, kule Qantab watu wakisema binti wa Zeyana, mimi hapana sema kitu. Mimi nyamaza. Mimi penda sikia."

 Nilimkaangia samaki vizuri siku ile.

Kifundo chake hakikupona sawasawa. Bonde analipita, lakini kupanda na bunduki begani hawezi tena. Ulidhani mwaka jana nilipokuomba unifundishe kulenga nilikuwa natania. Ningeweza kumwomba yeye, anajua zaidi. Sikutaka. Nilitaka kufundishwa na wewe, nikae mbele yako nisikilize, nikosee na uniambie, "Sivyo, mama, tazama mtutu." Kila neno ulilonifundisha lilikuwa lake, nalijua, lakini lilitoka kinywani mwako, na nikalipokea hivyo. Mwezi ujao nakwenda naye Qantab. Nitaibeba mimi, mtutu chini, na risasi naitia tukifika kwenye korongo, si kabla. Mkononi bado inanitia baridi. Kila nikiishika namuona babu yako akitoka. Lakini siishiki tena ili wewe unione, na naona hivyo inakuwa nyepesi kidogo.

Sasa unakwenda mahali ambako kuna wanawake wengine. Kutakuwa na mwalimu utakayempenda. Kutakuwa na mke wa mjomba wako, mcheshi yule, anajua kuvutia watoto wa watu. Kutakuwa na rafiki utakayemwambia mambo ambayo hukuniambia mimi. Na siku moja kutakuwa na mama mkwe. Nitawaonea wivu wote, mmoja mmoja, kwa majina yao. Siahidi kwamba nitaacha. Nimejaribu kuacha, na bado leo kicheko cha kufunga sanduku kimenifukuza uani kwangu mwenyewe.

Nnachokuomba ni hiki tu. Niandikie habari zao. Usiniandikie "Nzuri, mama." Niandikie alivyosema, alivyocheka, alichokufundisha, hata kama utajua nitanuna. Acha ninune huku. Nikinuna nitamwambia wifi yangu, na yeye atanicheka, na yatapita. Lakini ukinificha unaowapenda, nitabaki tena nyuma ya cherehani nauliza amesema nini.

Na ikitokea siku ukashika kitu kinachoweza kumuumiza mtu, sindano au kisu cha daktari au maneno yako mwenyewe, na kuna mtu unayetaka akutazame wewe badala ya mwingine, kiweke chini kwanza. Mimi sikukiweka.

Shangazi yako alikuja akagonga mlango. Naandika haya ya mwisho baada ya yeye kutoka. Alileta kahawa na kuniuliza, "Wifi, kichwa nzuri?" Nikasema nzuri. Akaiona karatasi. Akaniuliza kama ni ya Thureya, nikasema ndiyo. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, mguu wake mbaya ameunyoosha, akasema, "Tia na mimi neno. Moja tu."

Nikamwambia, "Hapana. Hii yangu. La kwako mwambie mwenyewe kesho kwa mdomo wako."

Alinitazama, kisha akacheka. "Wifi, wewe choyo."

"Ndiyo," nikamwambia. "Nna choyo."

Akaondoka anachechemea huku anacheka, na sasa hivi nasikia anakuhadithia huko uani, na wewe unacheka naye. Kahawa yake ilikuwa nzuri.

Kesho tukifika bandarini, muage yeye kwanza. Mkumbatie utakavyo, mlie kwa Kiarabu chenu, semeni mnayotaka kusema. Mimi nitageuka nitatazama milima mpaka mmalize. Halafu njoo kwangu. Na nikishakuachia mimi, usirudi tena kwake, mwanangu. Panda meli.

Mama yako